Tamtoc kiwanjani kwangu Munigi

Jumapili, 14 Septemba 2025

Nilienda kusali Munigi makusudi. Watu walikuwa wamenipasha kwamba chef wa avenue, yaani mkubwa wa mtaa, muzee Théoneste, ana neno la kusema baada ya misa. Neno lenyewe hili: parcelle yoyote, kiwanja chochote, ambayo hadi tarehe 31 Oktoba haina kitu juu yake, ataiandika kwenye daftari lake kuwa tupu. Na yenye kuwa tupu wataitafutia mutu mwingine. Aliposema hivyo aliangalia upande wangu. Ao ni mimi nilijishuku.

Kiwanja changu: 15 kwa 20. Nilikipata 2014, udongo mweusi, maharagwe yanaota hata ukiyamwaga kwa bahati mbaya. Mei 2021 volkano ikapita juu yake. Sasa ni lave tupu, jiwe la volkano — upande wa mashariki iko chini na imelala vizuri, upande wa magharibi imerundikana hadi mètre na nusu. Miaka kumi na moja napanga vyumba viwili Mabanga, mjini Goma, nyuma ya duka langu. Nauza misumari, bawaba, simenti, bati. Nusu ya nyumba za barabara ile zimesimama kwa misumari yangu. Mimi mwenyewe sina mlango wa kufunga na kusema ni wangu.

Hesabu: kutoka leo hadi 31 Oktoba ni siku 47. Fundi wangu Kambere ana kazi ya mutu mwingine hadi tarehe 17 Oktoba. Zinabaki siku 14 za kuweka fondasio. Inatosha. Lakini siku 33 za mbele, nani ananilindia?

Mchana Gauthier akaja kula. Mdogo wangu, tumbo moja, ingawa siku zingine nashaka. Ni assistant wa histoire, anafundisha chuoni. Alikuja na karatasi kubwa amekunja kwapani, na huku anatafuna akaniomba nimuazime parcelle ya Munigi wiki chache. Ya kazi gani? Ya kujenga muji!

Nimemuambia amalize fufu aende.

Jumanne, 16 Septemba

Amerudi. Na karatasi yake.

Muji wenyewe uko Mexique, unaitwa Tamtoc. Waliujenga watu wa zamani sana wanaoitwa Wahuasteki. Siyo Waazteki, yaya, ni wengine — yaya ni mimi, dada yake mkubwa — na hiyo amenirudilia mara nne kama vile mimi ndiye niliwachanganya. Kuna mto, Tampaón, umezunguka muji karibu pande tatu. Ndani kuna vilima walivyorundika wenyewe, na majukwaa ya mawe na udongo, mengi sana, na mengi ni ya duara. Walipenda duara. Nilimuuliza kabati waliegemeza wapi. Hakucheka.

Anachotaka: wanafunzi wake wapange katikati ya muji ule chini, kwa mawe, kwa vipimo, watembee ndani yake kwa miguu yao. Picha kwenye simu ya mwalimu haitoshi, kumi na wanne wanachungulia kioo kimoja. Uwanja wa shule yao ni mdogo na umejaa magari mabovu. Na mawe ya bure yako wapi katika Goma? Munigi.

Nilikataa mara tatu. Mara ya nne nikawaza. Baada ya lave ya 2021 watu walipataje tena viwanja vyao? Ua limeungua, miti hakuna, mpaka hakuna. Ulienda asubuhi, ukapanga mawe, ukarudi nyumbani. Aliyekuja nyuma yako aliona: hapa mutu yuko. Huku kwetu jiwe lililopangwa ni sawa na jina limeandikwa. Basi hao Wahuasteki watakaa juu ya parcelle yangu siku 33, na daftari la Théoneste litaona.

Nimekubali. Gauthier alinishika mikono miwili, macho yanamulengalenga, akasema hakujua kama napenda sayansi. Nimeacha aamini.

Jumamosi, 20 Septemba

Wanafunzi kumi na wanne, brouette mbili za kusukuma mawe, chukudu moja ya kukodi, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Saa mbili hadi saa tisa. Nilienda kuona.

Wanacheka kuliko wanavyobeba. Mto wameufanya kwa vipande vya bâche, turubai la zamani, bluu imekuwa kijivu. Kipimo ni moja kwa ishirini: mètre ishirini za kule ni mètre moja ya kwangu. Sawa, hapo sina neno. Amechagua duara kumi na moja tu, maana muji wote haungeingia hata kwenye avenue nzima.

Nikatoa mètre yangu ya kupimia mfukoni. Duara ya kona ya mashariki: upana 1,20. Kimo: sentimètre 70! Nikamuita. Nikamuuliza kama lile jukwaa kule Mexique linaenda juu mètre kumi na nne. Akasema hapana, liko chini sana kuliko hapo. Basi kwa nini 70? Eti sentimètre chache hazionekani, wanafunzi watazikanyaga. Kimo wamekiongeza ili jicho lishike. Upana wa kweli, kimo cha uongo! Dukani kwangu mutu akinipimia hivyo simrudii tena. Yeye wanamuita assistant.

Halafu akanionyesha kitu kingine. Bamba la jiwe. Kule kule Tamtoc, miaka ishirini sasa tangu walione, karibu na chemchemi. Urefu zaidi ya mètre saba, upana nne, limechorwa wanawake watatu. Wawili hawana vichwa. Shingoni kunamwagika kitu — maji ao damu, wataalamu wanabishana. Wanabishana hata juu ya umri wake. Uzito, tonne zaidi ya thelathini. Nikapiga hesabu hapo hapo: 7 kwa 4 ni 28, tonne 30 ya jiwe la kawaida ni mètre cube 12, unene wake basi ni sentimètre 43 hivi. Benne, lori la mchanga, ya tonne kumi ingefanya safari tatu, na hilo huwezi kulikata mara tatu. Hawakuwa na benne. Hawakuwa na hata ng'ombe. Walilivuta kwa nini? Kwa kamba na watu, anasema. Watu wangapi? Hajui. Nimemuambia hicho ndicho angetafuta kwanza.

Bamba lao la mfano ni kipande cha lave cha sentimètre 35 kwa 20. Mwanafunzi mmoja alichora wanawake kwa chaki. Mvua itawafuta kesho.

Jumatano, 24 Septemba

Imefaulu! Muzee Théoneste amepita na daftari. Ameona mawe, ameandika "occupée", imeshikwa. Hakuuliza ni nini. Jirani aliyekuwepo amenipigia simu kunielezea hata namna alivyonyoosha kalamu.

Siku 23 Kambere aje. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu ile siku ya misa.

Jumatatu, 29 Septemba

Ni nini hii sasa?

Mama Nsimire, anayeuza avoka kule Munigi, alikuja kununua bawaba mbili. Kisha akaegemea meza yangu, akanishika mkono, akasema pole. Pole ya nini? Ya watu wangu. Watu gani? Akateremsha sauti. "Kumi na moja, mama. Na ulikuwa unatuuzia misumari unacheka."

Nilidhani amelewa. Kumbe Munigi nzima inasema. Kwenye parcelle ya Masika wa Mabanga kuna makaburi kumi na moja. Wengine wanasema ni jamaa zangu waliouawa Beni. Wengine wanasema ni watu wa ile wiki ya masasi, vita ilipoingia Goma mwisho wa Januari, na kwamba nililipwa ninyamaze.

Nilimuelezea Mexique. Nilimuelezea Wahuasteki. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima yote, kisha akasema Mungu anajua kila kitu.

Alipoondoka nimekaa kwenye mfuko wa simenti. Mimi mjinga. Juu ya lave huwezi kuchimba. Mutu akifa na huna njia ya kumpeleka mbali, unamlaza penye ufa, unarundika mawe juu, unazungusha mengine pembeni. Mètre moja na kitu upana, hadi magotini kimo. Kila mutu wa Munigi anajua umbo hilo. Mimi pia! Nilipima kwa mkono wangu, 1,20 kwa 70, na nilichoona ni kosa la hesabu tu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimefunga duka mchana, nimepanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Munigi. Sijafunga duka mchana tangu volkano.

Duara kumi ziko namna zilivyokuwa. Ile ya kona ya mashariki imewekewa msalaba. Miti miwili ya mkaratusi imefungwa kwa kamba ya bâche — walikata mto wa Gauthier. Maua ya manjano ndani ya kopo la nyanya. Na mama mmoja ameketi pembeni, miguu amenyoosha, kama mutu yuko kwake.

Nilienda na maneno yangu tayari. Alinisalimia kabla sijayatoa, akanisogezea jiwe nikae. Kwenye parcelle yangu, ananikaribisha!

Anaitwa Nyiransabimana. Wa Masisi. Alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Kanyaruchinya zaidi ya miaka miwili, hadi kambi ilipovunjwa Februari. Kwao nyumba haipo tena. Sasa analala kwenye jiko la mutu, hapa nyuma. Mutoto wake Chance, miaka kumi na tisa, alitoka ile wiki ya masasi kutafuta unga. Hakurudi. Mama huyu ameenda kila hospitali. Ameenda makaburini, amesomewa orodha. Mutu mmoja wa barabarani alimuambia walioanguka upande huu hawakupelekwa mahali, waliwekewa mawe pale pale.

Nikamuambia polepole: mama, mawe haya ni ya tarehe 20 Septemba. Ni wanafunzi walipanga. Ni mfano wa muji wa mbali. Nilikuwepo, niliwaona kwa macho yangu.

Alitikisa kichwa namna unavyomtikisia mutoto anayekueleza ndoto. Akasema ndiyo, amesikia habari za wanafunzi. Wamefanya vizuri kuonyesha mahali.

Nikainuka, nikarudi dukani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemuita Gauthier. Nimemuambia Jumapili atasimama mbele ya watu, na karatasi yake, na picha zake zote, amalize jambo hili. Amefurahi. Amesema wananchi mara chache wanapata nafasi ya kusikia juu ya Wahuasteki.

Nimemuambia asifurahi.

Jumapili, 5 Oktoba

Andika, Masika, andika usipasuke.

Watu karibu sitini, baada ya misa, wamezunguka parcelle yangu. Muzee Théoneste kwenye kiti. Gauthier amepigilia karatasi yake kwenye ubao, amevaa koti. Alianza vizuri, hata mimi nilisikia vizuri. Mto huu hapa, vilima hivi hapa, watu hawa waliishi hivi. Watoto walisogea mbele. Mutu mmoja aliuliza kama walikuwa wanalima mahindi, Gauthier akasema ndiyo, na watu wakafurahi, wakaona ni watu wa maana. Mwingine akasema kama walipenda nyumba za duara basi walikuwa wa huku, walipotea njia. Kicheko. Nikajisemea, tumepona.

Ndipo muzee Théoneste akainua kalamu. Akauliza swali moja tu, na aliliuliza polepole: kule kwenye muji wa kweli, chini ya duara kama hizi, hakukuwa na watu waliozikwa?

Mutu yeyote mwenye akili angesema hapana. Mutu yeyote mwenye dada angesema hapana! Gauthier alivua miwani. Akaifuta. "Chef, siwezi kudanganya. Walikuwemo."

Halafu akaendelea! Kwamba Wahuasteki walizika wafu wao pale pale walipoishi na kusali, kwamba wachimbaji wamekuta mifupa, kwamba hiyo ndiyo sehemu yenye kuwafundisha zaidi. Hakuna aliyesikia tena. Wanawake walikuwa wameshapiga ishara ya msalaba. Mama mmoja alianza wimbo wa mazishi, wengine wakapokea. Sauti mbili, vizuri kabisa. Wamenizikia parcelle mimi nimesimama.

Nyiransabimana hakuimba. Alikuwa kwenye kona yake, anang'oa majani yaliyokauka kwenye kopo.

Njiani Gauthier ananiambia uongo mmoja katika sayansi unaua kila kitu. Nikamkumbusha kimo cha sentimètre 70.

Jumanne, 7 Oktoba

Muzee Théoneste amekata neno "occupée" kwa mstari. Juu yake ameandika "makaburi". Amenionyesha mwenyewe, hakunificha. Ni mutu wa haki kwa njia yake.

Maana yake: hakuna atakayeninyang'anya. Na hakuna atakayejenga — na mimi nikiwemo. Nilitaka Wahuasteki walinde, wamelinda. Bravo, Masika.

Kambere amepiga simu. Watu wake watatu wamesikia, hawataki kupiga tindo pale. Yeye binafsi haogopi, anasema, lakini peke yake fondasio ya 9 kwa 8 itamchukua hadi Noeli.

Nilirudi kwa muzee. Tumebishana kuanzia chai hadi mvua. Mwisho amekubali hivi: Jumamosi tarehe 18, mbele ya watu na mbele ya mafundi, mawe yataondolewa duara moja moja hadi kwenye lave. Lave ya 2021 ni nzima, haidanganyi. Kama haikupasuliwa, chini yake hakuna mutu wa mwaka huu. Duara kumi na moja zikiwa tupu, anafuta neno. Ikibaki hata moja, hafuti.

Ni haki. Hata mimi ningeandika hivyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nyiransabimana amekuja dukani. Kwa miguu, kutoka Munigi. Aliuliza njia kwa watu: mama wa misumari.

Nilikuwa na wateja wawili. Alingoja pembeni ya bati bila kuegemea. Tulipobaki wawili akasema amesikia ya Jumamosi. Hana shida na zile kumi. Hataki parcelle, hataki kitu cha mutu. Anaomba ile moja isifunguliwe. Nikamuuliza: mama, si ungependa kujua? Akasema miezi tisa anafungua milango, anafunuliwa mashuka ya maiti, kila mara si Chance. Amechoka kufunuliwa. Pale angalau anajua pa kwenda asubuhi.

Nilikasirika. Siwezi kuandika kwa nini. Nilimuonyesha plan ya nyumba yangu, kwa kidole: hapa mlango, hapa chumba changu, hapa ukuta wa mashariki — ukuta unapita juu ya ile kona, mama, katikati yake kabisa. Alitazama karatasi muda mrefu. Akasema nyumba ni nzuri. Akauliza jiko litakuwa upande gani, akasema upande ule upepo utaleta moshi ndani, afadhali nyuma.

Yuko sahihi juu ya moshi.

Nilimpa chai na mkate. Alikunywa chai, mkate akaufunga kwenye kitambaa. Nilimuambia tena hapana, ili asiondoke na matumaini ya bure. Akanishukuru kwa chai.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo nimetamani kumpiga Gauthier kama nilivyompiga akiwa na miaka saba.

Alikuja kuniletea orodha ya duara kwa ajili ya Jumamosi, ili kila moja iwe na namba na kazi iende haraka. Wanafunzi waliandika kila kitu: namba, upana, brouette ngapi za mawe. Ya kwanza, brouette 9. Ya pili, 8. Ya tatu, 9. Hivyo hivyo hadi ya kumi. Ya kumi na moja, ya kona ya mashariki: brouette 2.

Nikamuuliza: mbili? Kwa kipimo kile kile? Hiyo haiwezekani, mawe mengine yalitoka wapi?

Akasema, yalikuwepo.

Yalikuwepo namna gani?

Kulikuwa na rundo pale kona walipofika. Dogo, limekaa vizuri. Wao waliliongezea tu, wakalizungusha liwe duara, ikawapunguzia kazi. "Nilidhani ni lako, yaya. La mpaka."

Sikuweka rundo lolote. Mara ya mwisho nilipanga mawe pale ni 2021, na yalikuwa mstari upande wa barabara. Mwaka huu nilifika kwenye parcelle mara moja tu kabla ya Septemba, kwa haraka, nikaangalia kutoka njiani nikarudi.

Akaikunja orodha. Kisha akasema labda ni mutu alitaka kuiba kona ya kiwanja, akaweka alama yake. Inawezekana. Hapa watu wanaweka alama kila siku. Nikamuuliza kama chini ya rundo lile lave ni nzima. Hajui. Hawakuliinua. Kwa nini waliinue?

Nimemuambia asimuelezee mutu. Aliyeapa kwamba hawezi kudanganya amesema sawa, yaya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika hapa hapa, kwenye parcelle, daftari kwenye goti. Wanadhani napiga hesabu.

Tulianza saa mbili. Muzee Théoneste na kiti chake, watu labda arobaini, Kambere na wanaume wake watatu. Hao waligoma kugusa hadi Kambere alipotoa jiwe la kwanza mwenyewe. Gauthier anasoma namba. Ya kwanza — lave nzima, nyeusi, hata mchwa hamna. Ya pili, nzima. Kwenye ya tano watu walianza kuchoka. Kwenye ya saba mutu akauliza kama kuna kahawa. Ya tisa, ya kumi. Nzima, nzima. Mama Nsimire alinijia akasema tangu mwanzo yeye hakuamini. Muzee ametia alama kumi kwenye daftari, zimepangwa vizuri.

Imebaki ya kona.

Nyiransabimana yuko pale tangu kabla hatujafika. Hakulia, hakupiga kelele. Ameketi juu ya mawe yenyewe. Wanaume wa Kambere walienda hadi karibu, wakasimama. Mwanaume gani ataenda kumuinua mama kwa mikono? Wakageuka kuniangalia mimi.

Nilienda. Nilikuwa na mètre mkononi. Nilitaka kumuonyesha kwa namba, kwa upole, ainuke mwenyewe bila aibu. Nilimuuliza Chance alikuwa na urefu gani. Alisimama. Akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akaushikilia hapo, sawa sawa, bila kufikiri. Nikapima kutoka chini hadi kiganja: 1,78. Nikapima duara: 1,20. Nikamuambia, mama, angalia. Mutu wa 1,78 haingii hapa.

Aliangalia mètre. Akaangalia mawe.

"Walimukunja," akasema.

Akakaa tena.

Nimerudi kukaa kwenye mfuko wa simenti alioleta Kambere. Gauthier haniangalii, anasoma karatasi yake ambayo haina kitu tena cha kusoma. Yeye na mimi tu ndio tunajua zile brouette mbili. Nikisema fungua, kuna njia mbili. Chini kuna lave nzima: napata nyumba, na mama huyu anaanza tena kutembea hospitali. Chini kuna ufa, na ndani ya ufa kuna kitu: hapo sijui hata nani wa kwanza kuitwa.

Muzee amesema sauti ya watu wote wasikie: parcelle ni ya Masika, Masika ndiye anasema. Lakini kumi siyo kumi na moja, na yeye neno halifuti kwa kumi.

Nimepiga hesabu kweli sasa. Kusogeza nyumba mètre tatu upande wa magharibi: lave ya kupasua, 3 kwa 8 kwa 1, mètre cube 24. Watu watatu, mètre cube moja kwa mutu kwa siku: siku 8. Hadi tarehe 31 ziko siku 13. Zinabaki 5 za fondasio. Haitoshi, lakini kitaonekana kitu. Na muzee hajakubali. Na watu wa Kambere hawajasema kama watapiga tindo na ile kona imefungwa.

Wingu limetoka mlima Nyiragongo, watu wanafunika vichwa. Muzee ameinua kalamu, anangoja. Nyiransabimana ametoa kipande cha mkate kwenye kitambaa, anakula kidogo kidogo, haniombi kitu.

Nimemuita Kambere. Nimemuambia ang'oe kijiti cha mashariki, kile alichopimia ukuta wa nyumba, avute kamba upya.

Ameking'oa. Amesimama nacho mkononi, anatazama lile rundo, ananitazama mimi. Anauliza aache mètre ngapi kati ya ukuta na mawe ya mama.